Ile sukari haikutokea

Wasee, leo nakiri kosa la Form Two. Practical ya Biolojia: unachanganya wanga na diastase, unangoja, unaweka Benedict's, unachemsha. Wanga ukigeuka sukari, inakuwa rangi ya machungwa. Yetu ilibaki buluu tu. Stima ilikuwa imepotea wikendi nzima, friji ikapoa kwa maana mbaya, na ile diastase iliyochanganywa Ijumaa ikafa. Mwalimu akasema, "Andikeni machungwa." Nikaandika. Nikapata 9 kwa 10.

Tangu siku hiyo nilidhani vimeng'enya ni vitu vya kujidekeza. Na kusema kweli, vinajidekeza. Kile kinachogeuza glukosi kuwa fruktosi kwenye viwanda vya sharubati ya mahindi huko Marekani kinataka joto la kama nyuzi 60, magnesi kidogo, na maji yasiwe na asidi. Ukizidisha moto, kwisha.

Sasa, 2010 kikundi cha Mark Davis pale Caltech kilitumia kichocheo kisicho na uhai hata kidogo: zeolaiti, yaani kama jiwe lenye vitundu vidogo sana ambavyo molekuli ya sukari inapenya. Ndani wameweka atomi za stani, ile metali ya kulehemu nyaya za redio. Wakaitia kwenye maji ya glukosi kwa nyuzi 110. Dakika 30 tu, asilimia 31 ikawa fruktosi. Hata kwenye asidi inafanya kazi.

Kilichonimaliza ni namna inavyofanya. Stani inashika sukari, pete inafunguka, haidrojeni inaruka kutoka kaboni ya pili hadi ya kwanza. Metali zilizo ndani ya kimeng'enya hufanya vivyo hivyo! Jiwe limeiga mwili, manze.

Lakini haliigi vizuri kabisa. Asilimia 9 iligeuka manosi, sukari ambayo hakuna aliyeiagiza. Kimeng'enya hakikosei hivyo, kinajua kazi yake. Na hiyo 9 wameiandika palepale mwanzoni mwa ripoti, kando ya ile 31, hawakuificha.

Daftari langu la Form Two bado liko kwa mamangu, kwenye sanduku chini ya kitanda. Nikienda nyumbani Desemba nitalifungua ule ukurasa, nikate "machungwa", niandike "buluu".