Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu, fukuto la kaskazi na kamera

Msimu wa kaskazi, Kilwa Kisiwani huwa na joto la namna mbili: la jua linalochoma utosini, na la mvuke wa bahari unaoifanya kanzu igande mwilini hata kivulini. Hewa hiyo yenye unyevu na chumvi imezitafuna kuta za Msikiti Mkuu kwa karne nyingi. Nayo ndiyo adui wa kamera inayopelekwa huko ili kuzihifadhi kuta hizo katika picha.

Kutoka Kilwa Masoko ni mwendo mfupi wa mashua, baada ya kuchukua kibali. Ukishuka ufukweni unaiona ngome ya Gereza, na hatua chache mbele yake unasimama Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, asili yake ni karne ya 11. Upanuzi wa kusini, wenye kuba na nguzo za pembe nane, ulianza karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu ukarimu na unyenyekevu wa sultani huyo. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, hadi yalipoondolewa mwaka 2014. Hata hivyo, mvua na chumvi hazisomi orodha.

Kamati ya msikiti wetu ilikusudia kupata picha kubwa za kutundika madrasa, ili watoto wajue kwamba Uislamu katika pwani hii haukuanza jana. Ndugu yetu mmoja, ambaye kazi yake ni kupiga picha za majengo, alijitolea siku moja pamoja na kamera yake, Fujifilm GFX 100S, ambayo ni kamera ya kidijitali ya fomati ya kati. Sensa yake, yaani kibamba kinachopokea mwanga, ina milimita 44 kwa 33, ilhali ile ya kamera nyingi za wapiga picha wa kazi ni 36 kwa 24. Ina pikseli milioni 102. Picha yake ikichapwa kwa upana wa mita moja, alama ndogo za patasi kwenye tumbawe bado huonekana.

Lakini chombo chenye jicho kali namna hiyo huonyesha pia kila kasoro ya hewa. Kuanzia mnamo saa nne asubuhi, joto linalopanda kutoka ardhini hufanya kuta za mbali zionekane kama zinacheza, na lenzi bora haiwezi kulitibu hilo. Kwa hiyo tulianza mara baada ya Alfajiri. Kilwa iko karibu kusini kabisa mwa Makka, hivyo kibla chake ni kaskazini. Jua la asubuhi, likitokea mashariki katika sehemu ile isiyo na paa, huupitia ukuta wa mihrabu kwa ubavu, na kila mchoro hutupa kivuli chake.

Mtengenezaji anaruhusu kamera hiyo itumike hadi nyuzi joto 40. Hewa ya Kilwa yaweza kuwa chini ya hapo, lakini chombo cheusi kikiachwa juani hupata joto kuliko hewa. Isitoshe, sensa na skrini hutoa joto lao zenyewe muda wote zinapofanya kazi. Joto hilo huongeza chembechembe katika sehemu za giza, hasa picha zinazochukua sekunde nyingi, kama zile za chini ya kuba. Mwamvuli, kitambaa cheupe, na kuizima kamera kati ya picha na picha vilitutosha.

Mtume (s.a.w.) alituelekeza tuicheleweshe Adhuhuri joto linapokuwa kali hadi lipoe. Nasi wakati huo tulipumzika kivulini, na kamera ikapumzika nasi. Kazi iliendelea baada ya Alasiri.

Unyevu unahitaji subira zaidi. Glasi ya maji baridi ikiwekwa mezani hutoka jasho; kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikitolewa nje hufanya vivyo hivyo, na umande ukiingia ndani waweza kuiharibu. Usiku tulilala kwa feni. Anayetumia kiyoyozi aifunge kamera katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka, asiufungue mpaka kamera ilingane joto na nje. Chombo kizito huenda kikahitaji saa nzima. Lenzi isibadilishwe kwenye mashua wala ufukweni. Jioni, chumvi ifutwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Baadaye kamera itunzwe ndani ya chombo kinachofungika vizuri chenye vifuko vya silika, kwani ukungu ukiota kwenye lenzi hula hata utando wa kioo.

Adabu nayo ni sehemu ya kazi. Kisiwa kina wenyewe, nao ni Waislamu: ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, msipande juu ya kuta, wala msiweke mizigo ndani ya mihrabu. Paa limeanguka, heshima ya msikiti haikuanguka nalo.

Chokaa iliyobanduka mwaka huu hairudi. Picha iliyopigwa vizuri, yenye tarehe na jina la mahali, ndiyo itakayomwonyesha fundi wa kesho ni kitu gani kilikuwapo. Kamati zenye misikiti ya kale zisisubiri wageni waje kuwafanyia. Hata kamera ya kawaida yafaa, mradi kazi ifanywe kwa utulivu na nakala ziwekwe sehemu mbili. Waliojenga walitimiza amana yao. Iliyobaki ni yetu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza. Amin.