Kidole cha Kushoto

Mshona kofia hufanya kazi kwa mikono miwili, ila sifa hupewa mmoja. Wa kulia huitwa stadi. Wa kushoto hukaa chini ya kitambaa, ukiipokea sindano isiyoonekana. Akidungwa, hunyonya kidole akaendelea.

Anayemshona mama aliyechanika msamba katika kujifungua hana ruhusa hiyo. Jeraha ni la kina: ukuta wa uke, misuli, kisha ngozi. Damu huziba macho, nuru ni haba, na pale jicho linaposhindwa, kidole cha shahada cha kushoto huingia kuitafuta ncha. Ndicho kidungwacho zaidi.

Damu yenye VVU huambukiza takriban watu 3 katika kila 1,000 waliodungwa. Homa ya ini aina ya B huambukiza wengi zaidi miongoni mwa wasiochanjwa. Chanjo ipo, na dawa za kuzuia VVU zipo, siku 28, mradi zianzwe ndani ya saa 72. Lakini wapo wanaobadili glavu wakanyamaza, kwa haya au kwa kuchelea kuitwa wazembe, na saa hizo zikawapita.

Sindano butu, ipenyayo misuli bila kupenya ngozi kwa wepesi, ilipata sifa njema. Mapitio ya mwaka 2011, yaliyokusanya majaribio 10 ya upasuaji, yalionyesha kuwa matundu ya glavu hupungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008, ulioitazama hasa mishono ya uzazi, haukuona tofauti. Si ajabu: aliyebadilishiwa sindano hakubadilishiwa mazoea.

Kinachotakiwa ni kukitoa kidole kidondani. Nyama ishikwe kwa koleo, ncha ipokewe kwa koleo, glavu zivaliwe mbili, na sindano isipitishwe mkono kwa mkono bali iwekwe chomboni kwanza. Waliofunzwa kwa kidole hulalamika kwamba koleo halihisi. Ni kweli, na ndiyo sababu taa isogezwe kabla ya mshono wa kwanza, na mama apewe ganzi, ingojewe mpaka ishike. Maana akishtuka kwa maumivu, sindano hukosa njia, na mkono wa kushoto ndio ulio karibu.