Alama ya Mtu Akimbiaye

Vijana wetu wa Kasongo wamepata namna ya kumwonyesha mtu akikimbia pasipo kuchora hata mstari mmoja. Wanabonyeza herufi na alama za uandishi, na katika simu ya aliye mbali hutokea hivi:

ε=ε=┌(;・_・)┘

Mwenye kutazama upesi atadhani kioo cha simu kimeharibika. Mwenye kutulia ataona uso, mikono miwili iliyokunjwa viwiko, na nyuma yake vumbi.

Sisi tuliofunzwa ualimu hatuwezi kuona mwandiko tusiuchambue. Alama hizi zina asili ya Japani, nako huitwa kaomoji: kao ni uso, moji ni herufi. Wamarekani walitangulia kidogo. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alipendekeza nukta mbili, kistari na mabano viwe uso unaocheka. Lakini uso huo hauonekani mpaka uinamishe kichwa ubavuni. Wajapani waliusimamisha. Uso wao (^_^), ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1986, husomwa wima, kama watu wanavyotazamana. Baadaye wakaupa mikono, jasho na mwendo. Nukta mkato iliyo shavuni ni tone la jasho. Herufi ε ya Kigiriki, ikifuatwa na ile alama ya “sawa na” ya hesabu, ni vumbi linalobaki nyuma ya visigino. Wengine huweka 三, ambayo kwa Kijapani ni tarakimu tatu, ila hapo haihesabu kitu: ni mistari ya upepo, kama ile ambayo wachoraji wa katuni huiweka nyuma ya gari liendalo kasi. Jambo hili limetupendeza mno. Mara nyingi miguu yenyewe haichorwi; huchorwa kile ilichokiacha nyuma, na msomaji huongeza miguu mwenyewe.

Ila mtu wa Kabambare akiiona alama hiyo, huuliza kwanza: anakimbia nini?

Swali hilo lina umri mkubwa katika nchi yetu. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu walikimbilia mitumbwi ya Lualaba huku bunduki zikiwafuata, na Livingstone aliyeshuhudia aliyaandika hayo kwa wino wa matunda ya porini juu ya gazeti kuukuu, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia. Mwaka 1964 wazee wetu walikimbia. Katika vita vya 1998 hadi 2003 tulikimbilia msituni sisi wenyewe. Na miaka hii ya karibuni ndugu zetu wa pande za Salamabila wamefunga mizigo zaidi ya mara moja.

Mwaka uliopita mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye mwanawe anafundisha upande wa Kabambare, alipokea jioni alama hiyo peke yake, bila neno. Alipiga simu, mtandao ulikuwa umekatika. Alitujia usiku, simu ameifunga katika kitambaa.

“Baba Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfundisha kuandika. Nisomee.”

Tulisoma jasho, tukasoma vumbi, tukasoma mikono. Zaidi ya hapo hatukuweza, maana zaidi ya hapo hapakuandikwa kitu. Jirani mmoja alisema kijiji kimevamiwa. Mwingine alisema kijana anafanya mzaha. Mama hakungoja wa tatu: alfajiri alimtuma mtoto wake mdogo kwa pikipiki akamtafute kaka yake, katika majuma ambayo hata wafanyabiashara waliiogopa njia ile. Kwa siku mbili alikuwa na watoto wawili asiojua waliko. Siku ya tatu ndipo habari ilipofika. Mwalimu alikuwa amekimbia mvua, madaftari ya mitihani kifuani, ili awahi paa la shule. Mdogo wake alirudi salama.

Tangu siku ile tumekuwa tukikitazama kitenzi chetu kwa heshima mpya. Kijana alikimbia mvua. Alikimbilia shule. Tena tungeweza kusema aliyakimbiza madaftari yasilowe. Kumbe jirani yule wa kwanza alisoma kwamba amekimbizwa, na wa pili kwamba anakimbizana na wenzake. Shina ni moja, na tofauti yote imo katika silabi moja au mbili za mwisho. Humo tunajua kama mtu anaogopa, anatafuta kimbilio, anaokoa kitu, anafukuzwa au anacheza. Alama ya Wajapani inaonyesha kasi kuliko sisi. Silabi hizo haina.

Hata katika Injili wanakimbia wengi. Wanafunzi walikimbia usiku ule bustanini, wakamwacha Bwana peke yake. Maria Magdalena alikimbia alfajiri kuwapasha habari ya kaburi lililo wazi. Ukiwachorea wote vumbi lilelile na jasho lilelile, hutajua nani anatoroka na nani analeta habari.

Mwaka 2023 shirika la Unicode, linalosimamia herufi za simu na kompyuta, liliongeza picha ya mkimbiaji anayeelekea kulia, kwa sababu yule wa zamani alielekea kushoto tu. Ni hatua njema. Lakini mama aliyeko Kasongo hawezi kujua kama kulia ni Kabambare au ni porini.

Vijana wa kundi letu tumewaomba jambo dogo. Wacheze na alama wapendavyo, ila ujumbe ukitoka njia ya Kabambare uwe na kitenzi kimoja na jina la mahali. Wengine walicheka, wakisema wazee wanapenda maneno. Yule mwalimu kijana hakucheka. Siku hizi humwandikia mama yake “nimefika shuleni” kwanza, kisha huliweka vumbi mwishoni.