Jaji Aliyepita Chini ya Mnyororo

Nimesoma habari za hakimu mmoja wa Marekani aliyesifiwa kwa haki, nazo zimenisumbua moyo kuliko habari za mahakimu wala rushwa.

Lemuel Shaw alikuwa mwana wa mchungaji, alizaliwa mwaka 1781 huko Barnstable, katika jimbo la Massachusetts. Tangu mwaka 1830 hata 1860 alikuwa Jaji Mkuu wa jimbo hilo, ambako utumwa ulikuwa umekwisha zamani, ingawa majimbo ya kusini yaliushika sana.

Mwaka 1836 bibi mmoja wa New Orleans alikwenda Boston kumzuru baba yake, akamchukua na mtoto mtumwa, Med, umri wake miaka sita. Wanawake wa Boston waliochukia utumwa wakapeleka shauri barazani. Shaw akahukumu ya kuwa mtumwa aliyeletwa Massachusetts na bwana wake mwenyewe hawezi kuzuiliwa wala kurudishwa kwa nguvu, kwa maana sheria ya hapo haiujui utumwa. Med akawa huru. Lakini katika hukumu ile ile alisema ya kwamba mtoro ni jambo jingine, kwa kuwa Katiba ya nchi nzima imeagiza arudishwe. Nadhani siku ile ya furaha ni wachache walioyaangalia maneno hayo.

Mwaka 1851 Thomas Sims, kijana aliyetoroka utumwani Georgia, alikamatwa Boston. Wakuu wa mji waliogopa ghasia, wakaizungushia minyororo nyumba ya hukumu. Shaw, mzee wa miaka 70, alipokwenda kazini ilimbidi ainame apite chini ya mnyororo. Yeye mwenyewe aliuona utumwa kuwa ubaya. Ila alishika ya kwamba hakimu hana ruhusa kuitangua sheria, na kwamba pasipo mapatano yale majimbo yasingaliungana. Akakataa kumfungua Sims. Kijana akarudishwa Savannah kwa merikebu, akapigwa mijeledi hadharani.

(Mwaka 1850 alikuwa amekwisha kukubali watoto weusi wa Boston watengwe katika shule zao. Jimbo likaikomesha desturi hiyo mwaka 1855, nami kama mwalimu nalishukuru.)

Wako wasemao alikuwa mwaminifu kwa kiapo chake. Nakubali, lakini aliyeulipia uaminifu huo kwa mgongo wake ni Sims.

Shaw alikufa mwaka 1861. Mwaka 1863, wakati wa vita vya majimbo, Sims alitoroka mara ya pili, akafika Boston.