Benki Isiyo na Fedha

Likitajwa neno benki fikira zetu huenda kwenye fedha, na mara huja na khofu ya riba. Benki tunayotaka kuieleza hapa haina fedha. Ni hazina ya vipande vya nyama, damu, mate na mkojo wa wagonjwa, iliyofunguliwa London mwaka 2016 kwa ajili ya kuchunguza maradhi ya kongosho.

Kongosho hulala nyuma ya tumbo; ndilo litoalo maji ya kuyeyushia chakula, na ndilo litoalo insulini, ambayo ikipungua mtu hupatwa na kisukari. Likiingiwa na saratani halitoi habari mapema. Mgongo huuma, mwili hupungua, macho huwa ya manjano, na mgonjwa akifika kwa daktari mara nyingi wakati umekwisha pita. Huko Uingereza watu zaidi ya 10,000 huambiwa kila mwaka kuwa wanayo, na wanaoishi miaka 5 hawafiki mmoja katika kumi. Kwa kuwa wanaowahi kupasuliwa ni wachache, hospitali moja haipati vipande vya kuwatosha wachunguzi. Kwa hiyo hospitali kadhaa ziliungana zikakusanya kwa kanuni moja. Shirika lililogharimia kazi hiyo lilianzishwa mwaka 2004 na mjane, Maggie Blanks, ambaye mumewe alifariki kwa ugonjwa huo.

Sisi jambo hili lilitufikia kwa barua. Kijana tuliyemsomesha chuoni, akaaye London na wazazi wake, alitueleza kuwa baba yake atapasuliwa, naye ameletewa karatasi atie sahihi ili kitakachobaki baada ya kazi ya madaktari kihifadhiwe. Mzee alikataa kushika kalamu. Akasema, "Nitafufuliwaje, na kipande changu kimo katika barafu ya watu?"

Elimu yetu ni ya chuo na madarasa machache ya skuli, hatutoi fatwa. Walakini twajua kuwa Aliyetuumba kwanza hashindwi kutukusanya. Khofu iliyo nzito zaidi ni ya kuchukuliwa kitu bila ya ridhaa, nayo si khofu ya mjinga. Mwaka 1999 ilifichuka kwamba katika hospitali ya Alder Hey, Liverpool, viungo vya watoto waliokufa viliwekwa pasipo wazazi kuambiwa. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 2004, iliyoifanya ridhaa kuwa msingi wa kazi hizi. Tukamwandikia mzee aulize kama jina lake litafichwa kwa nambari, na kama aweza kurejea katika neno lake. Akajibiwa ndiyo, yote mawili.

Tulimweleza na habari ya mkojo. Mwaka 2015 wataalamu wa Queen Mary University of London walipima mikojo 488, wakaona protini tatu zinazoweza kuashiria saratani hii mapema. Habari iliyohitaji kujaribiwa kwa watu wengi zaidi. Nasi miaka yote twawafundisha watoto kujikinga na tone lake!

Mzee alikubali kutoa damu na mkojo. Nyama aliikataa, na wauguzi wakaandika hivyo hivyo bila kumsonga. Mwanawe alitaka tumbembeleze atoe vyote. Hatukufanya hivyo, kwani karatasi ile ilikuwa ya baba yake.