Mashine na Wenyewe

3 Juni 2024, Mwenge
Nimeshinda karakanani kwa Mzee nikipekua madaftari ya mapokezi, ili niyahamishie kwenye hifadhidata ya kompyuta. Jina, simu, "friji kubwa, haigandishi", bei. Kina Mama Neema wamejaa, na kinachowatenganisha ni namba ya simu tu. Nayo haiaminiki: mtu hupoteza laini, au simu ni ya kijana aliyetumwa kuleta feni. Kwa hiyo kila mteja atapewa namba yetu wenyewe, na simu zake zitakaa kwenye jedwali la pembeni, hata zikiwa tatu. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) siiulizi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kutengenezewa feni si sababu ya mtu kuacha tarakimu zake zote 20 kwenye laptop ya fundi.

5 Juni
Namba ya kiwandani haifai kuwa ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila mashine, kwenye jedwali la mashine. Leo tumegeuza friji iliyotoka Msasani: kibati cha nyuma kimeliwa na kutu ya chumvi, tarakimu za mwisho hazisomeki. Kibandiko kinasema gesi ni R134a, lakini kompresa imeshabadilishwa, na ubavuni fundi fulani ameandika kwa maka pen "R600a", maandishi yanaanza kufutika. R600a inashika moto. Fundi anayeamini kibandiko akawasha moto wa kuchomelea anaweza kuungua uso. Basi gesi siiweki kwenye jedwali la mashine kana kwamba haibadiliki; itaandikwa kwenye jedwali la matengenezo, na kadi ya kazi itaonyesha ya mwisho kwa herufi kubwa.

9 Juni
Hapa ndipo penye kazi. Mzee kaniuliza kuhusu kiyoyozi cha Sinza: "Mwanangu, chenyewe ni cha mwenye nyumba, aliyepiga simu mpangaji, hela imetumwa na mwajiri wake. Unamwandika nani?"

Wote. Jedwali la mashine halitakuwa na jina la mteja kabisa. Katikati nimeweka jedwali jingine: namba ya mashine, namba ya mteja, yeye ni nani kwa mashine hiyo (mmiliki, mtumiaji, mlipaji), tangu lini, mpaka lini. "Mpaka lini" ikiwa tupu, bado yupo. Mpangaji akihama namfungia tarehe, kiyoyozi kinabaki na historia yake yote.

Kabla ya makala ya Edgar Codd wa IBM, mwaka 1970, mifumo mingi mikubwa ilipanga taarifa kama mti, kila tawi na shina lake moja. Kwa mpango ule kiyoyozi hiki kingeandikwa chini ya kila mtu, gesi ikijazwa ikaingizwa sehemu moja na kusahaulika kwingine. Codd alitaka jambo likae mahali pamoja, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Fundi wa Mwenge anauhitaji mpango huu sawa na benki.

14 Juni
Madaftari ya mwaka huu yameingia kwenye SQLite, programu ya hifadhidata. Swali la kwanza la Mzee: mashine zipi zimerudi na ugonjwa uleule ndani ya miezi mitatu? Orodha ilipotoka aliisoma kimya, kisha akaenda kwenye shelfu ya kompresa, akaanza kusoma maboksi. "Nyingi za hizi tulizifunga kompresa za mzigo mmoja," akasema.

Jedwali la vipuri linahitaji safu mbili zaidi: duka tulikonunua na tarehe ya mzigo. Naziongeza kesho, kabla hatujaanza madaftari ya 2023.