Pesa ya Kuonyeshwa

Ndugu msomaji, kama hujawahi kutafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam, basi mji huu bado hujaujua. Unaweza kuwa umekaa hapa miaka ishirini kwa wazazi, unajua daladala zote na vijiwe vyote, lakini siku utakayofunga virago na kusema "sasa nakwenda kujitegemea", ndipo utakapokutana na mwenye mji. Mwenye mji si meya wala mkuu wa mkoa. Ni dalali.

Neno dalali lina undugu na neno dalili. Yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na mzizi wake mmoja: kuonyesha, kuelekeza. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya chumba kitupu ingekuwa dalali, kama maneno yangekuwa yanatimiza ahadi zake. Mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, kwa hiyo maneno nayachunguza hata pale yanaponiumiza. Hili limeniumiza wiki tano mfululizo.

Nina miaka ishirini na minne. Nimeishia kidato cha nne. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari: natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, barua za posa, na mikataba ya kupangisha nyumba. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Tandale, vyumba viwili, watu wanane. Riwaya yangu niliiandikia koridoni baada ya saa nne usiku, daftari likiwa juu ya ndoo iliyofunikwa sinia, kwa mwanga wa simu. Nilifika sura ya tisa. Kisha binti wa shangazi akarudi kutoka Morogoro na kichanga cha wiki tatu. Shangazi hakunifukuza, Mungu ambariki. Aliniambia tu, "Mwanangu, mwezi ukiisha tutabanana kidogo." Mwenye macho haambiwi tazama. Nikapasua kibubu changu cha miaka miwili. Mlikuwa na laki nne na thelathini elfu.

Kijiwe cha madalali kilikuwa Manzese, chini ya mwembe, karibu na kituo cha daladala. Kibao cha bati kimeandikwa kwa rangi nyekundu: DALALI. VYUMBA. FREMU. VIWANJA. Akanipokea kijana mmoja, mchangamfu, simu mbili mkononi.

"Karibu dada'angu. Chumba kimoja au chumba na sebule?"

"Kimoja tu, kaka. Kiwe na dirisha na umeme. Nisizidi elfu hamsini kwa mwezi."

"Umefika! Vyumba vipo vya kumwaga. Toa elfu kumi ya kuonyeshwa, tuondoke."

Elfu kumi ya kuonyeshwa ndiyo sheria ya pale kijiweni. Usipoitoa, hamwondoki. Halafu chumba ukikipata unamlipa dalali kodi ya mwezi mzima, mbali na kodi ya miezi sita unayomlipa mwenye nyumba kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe: chumba cha elfu hamsini kinadai laki tatu na nusu kabla hujanunua hata ndoo.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mtu ndani. Sisemi vitu vya mtu, nasema mtu mwenyewe, amejifunga kanga, anapiga pasi.

"Huyu anahama," dalali akaninong'oneza.

"Nani kakwambia nahama?" yule mama akauliza, pasi juu.

Tukaondoka. Safari nyingine, elfu kumi nyingine. Mara hii tulimkuta baba mwenye nyumba barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mumeo yuko wapi?"

"Sina mume, baba."

"Mchumba?"

"Sina."

"Basi binti yangu, hapa hapakufai. Mabinti wa peke yao wanatuletea ugomvi."

Nimeulizia kwa vijana wa kiume, nao wamenieleza habari zao. Bachela huambiwa atajaza wasichana, mwenye watoto huambiwa watoto watachafua ukuta, na mwanafunzi huambiwa atapiga muziki. Sijui chumba huwa kimejengewa nani! Tulipotoka, dalali alinilaumu.

"Dada, ungesema tu mchumba yuko kikazi Dodoma. Uongo mdogo, chumba chako."

"Uongo wangu nauweka kwenye riwaya."

"Sasa utalala kwenye riwaya?"

Nilicheka njia nzima, jamani, ingawa moyoni palikuwa pachungu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Zilibaki siku kumi na mbili mwezi uishe.

Chumba cha tatu kilikuwa chumba kweli. Sakafu ya saruji laini, dari zima, dirisha linatazama mpera, na chini ya dirisha pametosha meza ndogo. Nilisimama pale nikaiona sura ya kumi. Dalali akasema bei ni elfu sitini, bora nizidishe kidogo kuliko kukosa. Kisha simu yake ikalia, akatoka nje. Uani palikuwa na dada mmoja anafua. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mdogo wangu, wewe umetajiwa ngapi?"

"Sitini."

Akakamua shati, akalikung'uta. "Sisi wote humu ndani tunalipa arobaini na tano."

Hicho ndicho wenyewe wanakiita cha juu. Kodi ya miezi sita ya kwanza inapitia mkononi mwa dalali, naye huikata kabla haijafika kwa mwenyewe. Elfu kumi na tano mara sita ni elfu tisini. Na kwa kuwa ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, nao unapanda kutoka arobaini na tano hadi sitini. Jumla laki moja na elfu tano. Mimi kuipata laki moja na elfu tano kulinichukua miezi sita ya kujinyima chipsi.

Dalali aliporudi nikamwambia kwa upole, "Kaka, chumba nimekipenda. Naomba nionane na mwenye nyumba, nimpe hela mkononi."

"Mwenye nyumba yuko Kibaha. Mimi ndiye mwakilishi wake."

"Basi tumpigie simu."

"Simu yake mbovu."

Kesho yake nilipokwenda tena, chumba kilikuwa kimechukuliwa na bwana mmoja aliyelipa mwaka mzima. Nikaomba nirudishiwe walau elfu kumi ya mwisho. Akanijibu bila hasira, kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito:

"Dada, hiyo ni pesa ya kuonyeshwa. Kwani hukuonyeshwa?"

Usiku ule, juu ya ndoo yangu, sikuandika riwaya. Niliandika jibu lake, nikalitazama. Hakuwa amenidanganya. Nilionyeshwa kweli. Ndipo nilipoelewa kazi yake ilivyo. Sisi tunadhani dalali anauza vyumba, kumbe anauza safari. Mtu akipata chumba siku ya kwanza, ametoa elfu kumi moja tu. Mtu akizungushwa mara tatu, ametoa tatu. Hata dalali mwema, akilipwa namna hii, miguu yake itaanza kumpeleka kwenye vyumba visivyopangishika. Ni sawa na kumlipa mganga kwa kila siku unayougua.

Tusimwonee lakini. Mji wenyewe umemlea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu wapatao milioni 4.36, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka walihitaji mahali pa kulaza mbavu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, lakini wengi wetu hatujawahi kuingia kwenye nyumba zake hata kwa kumtembelea mtu. Sisi tunalala kwenye nyumba za watu binafsi, zilizojengwa chumba baada ya chumba. Mwenye nyumba anadai miezi sita kwa sababu ndiyo bati na saruji ya chumba kinachofuata, benki haimjui. Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza yake ya nyumba ya kusikiliza kesi za mpangaji na mwenye nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, mimi nikiwa mtoto. Mahali palipobaki wazi, dalali akaweka kibao chake cha bati. Na yeye mwenyewe, nilikuja kujua, amepanga. Analipa miezi sita kwa mkupuo kama mimi.

Chumba nimekipata kwa yule dada aliyekuwa anafua. Nilirudi kumshukuru tu, maana aliniokoa na hela na hakuniomba hata ya sabuni. Akaniambia kuna mwalimu rafiki yake, Mabibo, amehamishwa kikazi, anaondoka mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba hajapata mtu. Nikaenda jioni ileile, nikapiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unafanya kazi gani?"

"Nachapa barua dukani. Usiku naandika hadithi."

"Hadithi za kweli?"

"Za kutunga, bibi."

"Basi usiku usinitungie kelele."

Hakuniuliza mume. Kodi elfu arobaini, akakubali miezi mitatu. Mkataba niliuchapa mwenyewe. Nimechapa mikataba ya watu mingi mno, najua panapovuja: jina kamili la mwenye nyumba, kodi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na ya kwisha, notisi ya muda gani, maji analipa nani, na luku ni ya vyumba vingapi. Hilo la mwisho vijana wengi hulisahau. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, lakini mita moja ikiwa ya vyumba sita, utalipa kadiri jirani atumiavyo, na jirani ana friji. Tukasaini mbele ya mashahidi wawili, tukapeleka serikali ya mtaa ikagongwa muhuri.

Siku ya pili nikiwa natundika pazia, akaja dalali wa mtaa ule. Si yule wa Manzese, mwingine, mtu mzima. Akadai chake. Akasema hakuna chumba cha mtaa huu kinachokwenda bila yeye kujua, na kama sina hela basi vyombo vyangu vitoke. Mikono ilinitetemeka, nakwambia kweli. Mtu anayejua njia zote za mtaa anajua pia saa unayorudi usiku. Bibi akatoka chumbani kwake na mswaki mdomoni.

"Wewe ulimwonyesha nini?"

"Bibi, utaratibu wa mtaa..."

"Nimekuuliza ulimwonyesha nini."

Akasimama kidogo, akatazama pazia langu, akaondoka. Mpaka leo tukikutana ananiitikia salamu kwa mkato.

Wiki iliyopita, yule kijana wa simu mbili aliingia dukani kwetu. Nyuma yake mvulana mwenye begi la mgongoni, uso mkavu wa mtu aliyetoka mkoani juzi. Wanataka mkataba uchapwe. Dalali alinitambua, akatabasamu, "Dada wa riwaya!" Akaniwekea karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Kodi elfu sabini kwa mwezi, miezi sita. Mahali pa jina la mwenye nyumba pameandikwa jina lake yeye, na mbele yake neno "mwakilishi".

Ningeweza kuchapa nikanyamaza. Duka si langu, na yule ni mteja wetu wa kila wiki. Lakini utaratibu wa kazi unaturuhusu kumsomea mteja kabla hatujatoa nakala, wasije wakalalamika makosa. Kwa hiyo niliusoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, nikimtazama yule mvulana. Nilipofika mahali pa mwenye nyumba nikasimama.

"Hapa kaka niweke jina gani la mwenye nyumba mwenyewe?"

Kimya. Fotokopi tu inanguruma.

Mvulana akamgeukia dalali. "Kwani bro, mwenye nyumba ni nani?"

"Yuko Kibaha."

"Si tumpigie?"

Walitoka nje kuzungumza. Sikusikia walichosema, nilikuwa na foleni. Baada ya robo saa mvulana akarudi peke yake, akaniuliza kama naweza kumwandalia mkataba wenye nafasi tupu, ajaze mwenyewe akishamwona mwenyewe. Nikamtolea kurasa mbili. Nikamwonyesha kwa kidole wapi pa kuandika luku ni ya vyumba vingapi. Nikamwambia pia awaamkie wanaofua uani kabla hajamwamkia mtu mwingine yeyote.

"Shilingi ngapi, dada?"

"Elfu moja."

"Na ya kunionyesha?"

Nikamwambia hiyo haina bei. Nikamwita mteja aliyefuata.